Usibonyeze Enter bado: kutafuta na kupanga mafaili ya shule kwa terminali

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Arua, Uganda, na ndiye ninayetunza kompyuta ya idara. Inatumia Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux. Tuna diski ya nje ambamo walimu wote wamekuwa wakiweka mitihani, mipango ya masomo, alama na picha tangu kabla shule hazijafungwa mwaka 2020. Sasa imejaa. Kijana anayetengeneza kompyuta mjini alinipa amri hii, akasema nikiiandika nafasi itapatikana:

`find . -name *.docx -mtime +365 -exec rm {} \;`

Je, ni salama? Kama si salama, nitafute na kupanga vipi mafaili haya bila kupoteza kazi ya wenzangu?

Jibu: Mwalimu, usiiandike. Umefanya vyema sana kuuliza kwanza. Amri yenyewe si ya uongo: `find` ni programu nzuri, na nitakushauri uitumie karibu kila siku. Ila mstari huo una matatizo manne, na kuyaelewa ndiyo njia fupi ya kujifunza jinsi terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inavyofikiri.

La kwanza ni ile nukta baada ya `find`. Nukta ina maana ya "folda niliyomo sasa". Ukifungua terminali katika Ubuntu unajikuta ndani ya folda yako binafsi, si ndani ya diski ya nje. Kwa hiyo amri ingefuta nyaraka zako za nyumbani, pamoja na zilizo katika kila folda ya ndani, huku diski ya shule ikibaki imejaa vilevile. Jizoeze kuandika njia kamili ya mahali unapotafuta. Ubuntu huweka diski za nje chini ya `/media`, kisha jina lako, kisha jina la diski. Hapa nitachukulia kwamba yako ni `/media/mwalimu/SHULE`. Andika `ls /media/mwalimu` uone jina halisi.

La pili ni nyota isiyo na alama za nukuu. Kabla `find` haijaanza kazi, Bash, yaani programu inayosoma amri zako, huitazama nyota na kuijaza yenyewe kwa majina ya mafaili yaliyo kwenye folda uliyomo. Kama kuna mafaili kadhaa ya .docx hapo, `find` italalamika na kusimama. Kama kuna moja tu, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hutaona kosa lolote: itatafuta faili lenye jina hilo peke yake, nawe utaamini kwamba hakuna mengine. Andika `'*.docx'` ndani ya nukuu kila mara. Ukitaka kuona Bash inageuza nini, tanguliza neno `echo` mbele ya amri nzima. Itachapa mstari jinsi itakavyoutuma, bila kutekeleza chochote.

La tatu ni `-mtime +365`, yaani mafaili ambayo hayajabadilishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika diski ya idara, hayo ndiyo hazina. Mtihani wa majaribio ulioandikwa miaka mitatu iliyopita haujaguswa tangu siku hiyo kwa sababu ulikamilika, na ndio huo mwalimu mpya atauhitaji anapoandaa wanafunzi wa S4 (kidato cha nne). Umri wa faili haukuambii thamani yake.

La nne ni `rm`. Programu hii haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Inafuta moja kwa moja, haiulizi, na hakuna kitufe cha kurudisha. Kuna programu za kuokoa mafaili yaliyofutwa, lakini sitaki utegemee bahati hiyo kwa kazi ya walimu wote.

Sasa niongeze jambo ambalo kijana huyo hakulitazama: hata kama amri ingefanya kazi kama alivyokusudia, huenda nafasi isingepatikana. Faili la .docx ni furushi lililobanwa kwa njia ileile ya mafaili ya .zip. Mtihani wa kurasa nne usio na picha huchukua kilobaiti makumi tu. Unaweza kufuta mitihani elfu nzima usifikie ukubwa wa video moja ya siku ya michezo iliyopigwa kwa simu. Kabla ya kufuta chochote, uliza diski imejaa nini:

`du -h --max-depth=1 /media/mwalimu/SHULE | sort -h`

`du` hupima kila folda, `sort -h` hupanga kutoka ndogo hadi kubwa, kwa hiyo wenye hatia wako chini ya orodha, juu tu ya mstari wa mwisho ambao ni jumla ya diski nzima. Ukipenda kitu cha kutembea ndani yake kwa vitufe vya mishale, sakinisha `ncdu` kwa `sudo apt install ncdu`, kisha uielekeze kwenye diski. Mimi huwashauri watu waanze na `ncdu`, maana inaonyesha ukubwa kwa namna ambayo jicho linaikubali mara moja. Tahadhari tu: ndani yake herufi d ni ya kufuta.

Tazama kwa makini kama orodha ina folda inayoitwa `.Trash-1000`. Watu wengi hawajui habari hii. Mtu akifuta faili la diski ya nje kwa kubofya, Ubuntu hailitoi kwenye diski. Inalihamishia kwenye folda hiyo iliyofichwa, palepale kwenye diski, na linaendelea kula nafasi. Namba 1000 ni ya mtumiaji wa kwanza wa kompyuta, na mtumiaji wa pili ataacha `.Trash-1001`. Kompyuta za Windows nazo huacha `$RECYCLE.BIN`, na za Mac huacha `.Trashes`. Kama diski imezunguka kati ya walimu wenye kompyuta tofauti kwa miaka mitano, sitashangaa gigabaiti nyingi zikiwa zimelala humo. Soma kilichomo kwanza:

`find /media/mwalimu/SHULE/.Trash-1000/files -type f | less`

Ukiridhika, safisha pipa la taka kwa kubofya, kama kawaida. Mafaili makubwa yanayobaki utayaona hivi:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f -size +200M -exec ls -lh {} +`

Hapa `-type f` inataka mafaili tu, si folda. `-size +200M` inataka yanayozidi megabaiti 200. Na sehemu ya mwisho inaomba `ls` ionyeshe ukubwa na tarehe ya kila moja. Usijaribu kutafuta madogo kwa `-size -1M`. `find` hukata ukubwa kwenda juu hadi kizio kizima, kwa hiyo faili la kilobaiti tano linahesabiwa kuwa megabaiti moja, na `-1M` itakupa mafaili matupu peke yake. Tumia `-size -1000k` badala yake.

Kabla hujafuta hata faili moja, tengeneza nakala ya akiba kwenye diski nyingine. Najua diski si rahisi, lakini omba ofisi ya mwalimu mkuu ikuazime moja kwa wiki. Programu ya kazi hii ni `rsync`:

`rsync -rtvn --modify-window=1 --exclude='.Trash-*' /media/mwalimu/SHULE/ /media/mwalimu/AKIBA/SHULE/`

Herufi n ndani ya `-rtvn` inaiambia ijifanye inanakili bila kunakili. Utaona orodha ya mafaili yatakayokwenda. Ikiwa sawa, rudia mstari uleule bila n. Mkwaju ulio mwishoni mwa `SHULE/` ya kwanza ni muhimu: ukiuweka, unanakili yaliyomo, ukiuacha, `rsync` inaunda folda nyingine ya SHULE ndani ya ile ya AKIBA. Nimeandika `-rt` badala ya `-a` iliyozoeleka kwa sababu diski nyingi za dukani zimeumbwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hautunzi jina la mwenye faili wala ruhusa za Linux, na `-a` ingekujazia skrini malalamiko. Kile cha `--modify-window=1` kipo kwa sababu FAT32 huandika saa kwa kuruka sekunde mbili-mbili; bila hicho, `rsync` inaweza kudhani mafaili yamebadilika na kuyanakili upya kila mara. Angalia pia kwa `df -T` ni mfumo gani unao. Ukiona `vfat`, faili lolote la gigabaiti nne au zaidi litakataa kuingia.

Nina sababu ya kusisitiza `rsync` badala ya `cp`, hasa kwenu ambako umeme hukatika kazi ikiwa katikati. `cp` ikikatizwa inaacha faili nusu lenye jina kamili, na kesho hutajua kuwa ni nusu. `rsync` huandika kwanza kwenye faili la muda lenye jina lililofichwa, na hulipa jina lake halisi pale tu linapokamilika. Umeme ukirudi, rudia mstari uleule: inaruka yaliyokwisha na kuendelea na yaliyobaki. Mwishoni andika `sync`, usubiri terminali irudi, kisha utoe diski kwa kubofya alama ya kutoa.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Mstari wa msingi ni huu:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f -iname '*tihani*'`

`-iname` haijali herufi kubwa wala ndogo. Lakini tazama nilivyokata neno. Wenzako wameandika "mtihani", "Mitihani", "MTIHANI WA S2", kila mtu kwa mkono wake. Kompyuta haijui ngeli. Kwake m- na mi- ni herufi tofauti tu. Wewe unazijua, kwa hiyo tafuta kwa shina: `'*tihani*'` inanasa umoja na wingi kwa pamoja, `'*zoezi*'` inanasa na mazoezi, `'*wanafunzi*'` inanasa na mwanafunzi. Kwa walimu wanaochanganya na Kiingereza, weka chaguo mbili:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f \( -iname '*tihani*' -o -iname '*exam*' \)`

`-o` ni "au". Mabano yanatanguliwa na mkwaju wa nyuma ili Bash isiyachukue kuwa yake.

Tarehe nazo zitakusaidia sana, kwa sababu historia ya shule zetu ina mipaka inayojulikana. Shule zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa kikamilifu 10 Januari 2022. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020 na S1, na watahiniwa wake wa kwanza wakafanya UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza S4, mwaka 2024. Mitihani ya mtindo wa zamani na ya mtindo mpya isichanganywe kwenye folda moja. Kuyaona mafaili yote ya kabla ya kufungwa:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f ! -newermt 2020-03-20`

Alama ya mshangao inakanusha: "yasiyo mapya kuliko tarehe hii". Kwa kipindi, unganisha mbili. Mfano wa Juni hadi Agosti 2024:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f -newermt 2024-06-01 ! -newermt 2024-09-01`

Kumbuka kwamba hii ni tarehe ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho, si siku lilipoandikwa. Faili lililopitia WhatsApp au barua pepe kwa kawaida hubeba tarehe ya siku lilipopakuliwa. Chukua tarehe kama dalili, kisha fungua machache ujiridhishe.

Mara nyingi hukumbuki jina wala tarehe, unakumbuka tu kwamba kuna zoezi zuri la ngeli mahali fulani. Watu watakuambia utumie `grep`, na kwa maandishi matupu wana haki: `grep -ril ngeli` na jina la folda itakupa kila faili lenye neno hilo. Lakini `grep` haioni ndani ya .docx, kwa sababu ni furushi lililobanwa kama nilivyosema. Itapita juu yake bila kusema kitu, nawe utadhani halipo. Inabidi ufungue furushi kwanza:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f -iname '*.docx' -exec sh -c 'for f; do unzip -p "$f" word/document.xml 2>/dev/null | sed "s/<[^>]*>//g" | grep -qi ngeli && printf "%s\n" "$f"; done' sh {} +`

Ni mrefu, lakini usiogope. Ukiuhifadhi mara moja utabadilisha neno moja tu. `unzip -p` inatoa maandishi yaliyo ndani ya waraka, `sed` inaondoa alama za XML (alama za muundo wa waraka), na `grep` inatafuta. Hatua ya `sed` si pambo. Word huweza kulikata neno moja vipande viwili ndani ya faili, hasa pale kikagua tahajia kinapokutana na Kiswahili kikadhani ni kosa, na bila kuondoa alama hizo neno lisingeonekana. Kwa PDF sakinisha `pdfgrep`, utumie `pdfgrep -ri ngeli` na jina la folda. PDF zilizopigwa picha kwa skana hazina maandishi ndani, kwa hiyo hazitapatikana kwa njia hii.

Kuna programu nyingine utakayosikia ikisifiwa kwa kasi, `locate`. Ni nzuri kwa mafaili ya kompyuta yenyewe. Kwa kazi yako haifai, maana inasoma orodha iliyoandaliwa mapema, na katika Ubuntu orodha hiyo huruka `/media`, ambako ndiko diski yako iliko.

Nakala zilizojirudia ni tatizo la kila idara. Sakinisha `fdupes`, kisha:

`fdupes -rnS /media/mwalimu/SHULE > ~/nakala.txt`

Inalinganisha mafaili kwa yaliyomo, si kwa majina, hadi baiti ya mwisho, kisha inaandika makundi yanayofanana kabisa kwenye faili la nakala.txt ndani ya folda yako. Chapisha orodha hiyo, ipeleke kwenye kikao cha idara, kila mwalimu aweke alama kwenye nakala anayotaka ibaki. Nasema hivi kwa dhati. `fdupes` inaweza kufuta yenyewe bila kuuliza, lakini haijui kwamba nakala iliyo kwenye folda ya mwalimu fulani ndiyo anayoifungua kila Jumatatu. Tena haitakusaidia kwa "Mtihani final" na "Mtihani final mpya". Faili likifunguliwa na kuhifadhiwa tena, hata kama hukugusa neno, baiti zake hubadilika. Hayo yanahitaji macho ya mwenye mtihani.

Katika kupanga, unda folda mpya kwa `mkdir -p`, kisha hamisha kwa `mv -n`:

`mkdir -p /media/mwalimu/SHULE/UCE/zamani`

`find /media/mwalimu/SHULE/MCHANGANYIKO -type f -iname '*uce*' ! -newermt 2024-01-01 -exec mv -n -t /media/mwalimu/SHULE/UCE/zamani {} +`

Herufi n hapa inamaanisha "usifunike faili lililopo". Walimu wawili wakiwa na faili la jina moja, la kwanza litahamia na la pili litabaki lilipokuwa. Ukirudia `find` bila sehemu ya `-exec`, utayaona yaliyobaki, uyape majina tofauti. Usiache n hata siku moja. Bila hiyo, la kwanza linaweza kufunikwa kimya kimya.

Na kufuta? Kuna takataka halisi za kuondoa, kwa mfano mafaili yanayoanza na `~$` ambayo Word huyaacha kompyuta inapozimika ghafla. Funga kwanza nyaraka zote zilizo wazi, kisha orodhesha:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f -name '~$*'`

Soma orodha nzima. Ikiwa ni takataka tupu, bonyeza mshale wa juu ili mstari uleule urudi, na uongeze `-delete` mwishoni. Mwishoni kabisa, Mwalimu. `find` husoma masharti kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika `-delete` kabla ya `-name`, itafuta kila kitu inachokutana nacho kabla haijafika kwenye jina. Hii ndiyo sababu ya kurudisha mstari kwa mshale badala ya kuuandika upya: unachofuta ni kile ulichokwisha kukisoma, kwa masharti yaleyale.

Kwa nyaraka za walimu, hata usifike kwenye `-delete`. Ile amri ya kijana ningeiandika upya hivi, ikiwa idara imekubaliana kuondoa nyaraka za kabla ya 2020 kwenye diski:

`find /media/mwalimu/SHULE -type f -iname '*.docx' ! -newermt 2020-01-01 > ~/zamani.txt`

Orodha hiyo wapelekee wenzako. Wakishakubali, na `rsync` imekwisha kunakili kila kitu kwenye diski ya AKIBA, rudia mstari huo ukiweka `-exec gio trash {} +` mahali pa `> ~/zamani.txt`. `gio trash` inapeleka kwenye pipa la taka, ambako mwalimu aliyejuta wiki ijayo bado anaweza kurudishiwa faili lake. Liache pipa hadi mwisho wa muhula ndipo ulisafishe. Kwa kuwa mafaili ya .docx ni madogo, kuyaacha humo hakutakupunguzia nafasi ya maana.

Anza na `du` leo jioni. Haibadilishi chochote, na majibu yake yataonyesha kama kuna sababu ya kugusa mtihani wa mtu yeyote.